Chumba cha mwanafunzi: kodi hugawanyika, nauli haigawanyiki

SOKO la vyumba vya kupanga kuzunguka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina msimu wake, kama lilivyo soko la mahindi au la vitunguu. Vyuo vinapofunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, dalali wa Changanyikeni au Msewe hapati hata muda wa kumaliza chai yake. Wanafunzi wanashuka na mabegi, wazazi wanapiga simu kutoka mikoani, na chumba kilichokaa kitupu tangu Agosti kinapata wateja watatu kabla ya adhuhuri. Ifikapo Januari kelele zimekwisha. Waliopata wamepata, na waliokosa wamehamia Kimara na mbele ya hapo.

Ukurasa huu kwa kawaida hushughulika na bei za mazao, hisa na fedha za kigeni. Wiki hii tunaligeukia soko la vyumba kwa sababu wasomaji wetu wamo ndani yake pande zote mbili. Wapo wazazi ambao kodi ya chumba cha mtoto hutoka katika mtaji wa duka, na wapo waliojenga au wanaofikiria kujenga vyumba vya kupangisha karibu na vyuo. Wote wanahitaji kujua jambo lile lile: mwanafunzi huchagua vipi pa kuishi, na je, hesabu anayoipiga ni sahihi?

Tuanze na lililo wazi. Anayepata kitanda katika bweni la chuo akichukue. Bei yake ni ndogo kuliko ya mtaani, darasa liko jirani, na hakuna dalali. Tatizo ni kwamba vitanda havitoshi. Wanafunzi wenyewe wametafuta dawa, nayo huitwa kubebana: mwenye kitanda humkaribisha asiye nacho, wakalala wawili palipopangwa mmoja. Uongozi wa chuo hauipendi dawa hiyo, lakini tukumbuke kwamba kubebana ni somo la uchumi, na tutalirudia baadaye.

Asiyepata bweni huingia mtaani kutafuta geto. Hapo hukutana na masharti ambayo wafanyabiashara wanayafahamu vizuri: kodi ya miezi sita mkononi, wakati mwingine ya mwaka mzima, na juu yake dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Masharti haya hayakutungwa kwa ajili ya wanafunzi. Mwenye nyumba anataka fedha nyingi kwa mkupuo kwa sababu ndiyo benki yake. Kwa fedha hiyo atapiga lipu chumba kinachofuata au kuezeka banda la uani. Kwa mpangaji mwenye mshahara ni mzigo, ila hubebeka. Kwa mwanafunzi mambo ni tofauti, na tofauti yenyewe iko katika tarehe ambazo fedha huingia.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005, humpa mkopaji fedha ya chakula na malazi kwa hesabu ya siku. Kiwango hicho kilipandishwa kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo wa 2022/2023. Wanafunzi huiita bumu. Bumu haliji lote kwa pamoja. Huja kwa awamu, tena baada ya mwanafunzi kufika na kusajiliwa. Fedha ya siku 60 ni Sh 600,000. Chumba cha Sh 100,000 kwa mwezi, kwa miezi sita na dalali, kinadai Sh 700,000 siku ya kwanza. Kwa hiyo hata kijana mwenye mkopo kamili, akiamua kutokula kabisa kwa miezi miwili, bado hawezi kuufungua mlango wa chumba hicho bila mzazi.

HESABU YA WENGI

Mzazi naye hupiga hesabu. Tuchukue mfano, na bei tunazozitaja ni za mfano tu. Kila msomaji aweke za kwake. Kuna chumba cha karibu, ambacho mwanafunzi akitoka anakwenda darasani kwa miguu, kwa Sh 100,000 kwa mwezi. Kuna kingine cha mbali, kinachohitaji daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa Sh 60,000. Mzazi wa kwanza husema: cha mbali kina nafuu ya Sh 40,000, kwa nini nitupe fedha?

Mzazi wa pili, aliyezoea kuhesabu gharama za kusafirisha mzigo, humjibu kwamba amesahau nauli. Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli ya daladala za mjini kwa safari zisizozidi kilomita 10 kutoka Sh 500 hadi Sh 600. Magari manne kwa siku ni Sh 2,400. Kwa siku 22 za masomo katika mwezi ni Sh 52,800. Kumbe chumba cha Sh 60,000 kinagharimu Sh 112,800, na cha karibu ndicho rahisi kwa Sh 12,800.

Hesabu hii ya pili ndiyo inayosifiwa kuwa ya kisomi, na mwandishi wa makala haya aliitumia kwa miaka kadhaa kuwashauri jamaa zake. Nayo ina kasoro. Inachukulia kwamba mwanafunzi yupo chumbani kila mwezi anaoulipia. Muhula una wiki 17 hivi ukijumlisha mitihani, yaani siku 85 za kwenda chuo, ilhali mkataba ni wa miezi sita. Nauli husimama chuo kinapofungwa. Kodi haisimami.

Tuirudie basi kwa muhula mzima. Chumba cha karibu: kodi Sh 600,000, dalali Sh 100,000, jumla Sh 700,000. Chumba cha mbali: kodi Sh 360,000, dalali Sh 60,000, nauli ya siku 85 Sh 204,000, jumla Sh 624,000. Cha mbali kimeshinda tena, kwa Sh 76,000. Yule mzazi wa kwanza alikuwa sahihi, ingawa kwa sababu asiyoijua.

Sasa tuweke mtu wa pili chumbani. Katika chumba cha karibu kila mmoja analipa Sh 350,000 na habari imekwisha. Katika chumba cha mbali kila mmoja analipa nusu ya kodi na dalali, Sh 210,000, lakini nauli yake ya Sh 204,000 haiguswi, kwa sababu konda hawatozi wawili nauli ya mmoja. Jumla ni Sh 414,000 kwa kila mtu. Hapa cha karibu kimeshinda kwa Sh 64,000. Wakiwa watatu, kama chumba kinaruhusu, pengo linazidi kuwa kubwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwanafunzi si "nikae wapi?" bali "nikae na nani?" Anayekaa peke yake husukumwa mbali na bei. Anayepata mwenzake husogea karibu na bado akabakiwa na fedha. Kubebana kule bwenini kumeegemea kanuni hii hii.

Tuitazame kwa upande wa sahani, maana huko ndiko inakoumiza. Bumu la wiki 17, siku 119, ni Sh 1,190,000. Mwanafunzi wa chumba cha karibu peke yake, akilipa mwenyewe, hubakiwa na Sh 490,000, ambazo ni Sh 4,117 kwa siku kwa chakula, sabuni, bando la simu na fotokopi. Wa chumba cha mbali peke yake hubakiwa na Sh 4,756 kwa siku. Wawili wa mbali, Sh 6,521 kila mmoja. Wawili wa karibu, Sh 7,058. Kati ya Sh 4,117 na Sh 7,058 kuna mlo mmoja kamili kila siku. Ndiyo maana utamkuta kijana anayekula mara moja kwa siku ilhali analala peke yake katika chumba kizuri chenye vigae, na nyumbani kwao wanadhani ni uzembe.

YASIYOMO KATIKA HESABU

Muda nao una bei, ingawa hakuna risiti. Mwandishi wa makala haya alipoingia mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha jijini, baba yake, muuza nafaka, aliuza magunia ya mchele kabla ya bei kupanda ili apate kodi ya miezi sita ya chumba cha mbali. Chumba chenyewe kilikuwa kizuri. Lakini mvua ilipoanza, safari ya saa moja ikawa ya saa mbili na nusu, na jaribio moja la asubuhi lilifanyika na kumalizika huku akiwa amesimama kwenye daladala. Miezi sita ilipokwisha mwenye nyumba akatangaza kodi mpya. Baba alihesabu kodi kuwa hasara na jaribio kuwa bahati mbaya. Kwa kweli yote mawili yalitoka katika mfuko mmoja.

Kwa binti suala la njia ni kubwa kuliko la bei. Maktaba na makundi ya kujisomea huisha usiku, na chumba kinachofikiwa kwa kichochoro kisicho na taa hakiwezi kuitwa rahisi kwa bei yoyote. Mzazi anayekwenda kukagua chumba saa sita mchana amekagua nusu tu. Arudi saa mbili usiku, atembee mwenyewe kutoka kituoni.

Maji na umeme vina mitego midogo midogo. Ulizia kama maji yanatoka bombani au yananunuliwa kwa ndoo, na kama kuna simtanki. Ulizia mita ya LUKU inatumiwa na vyumba vingapi, kwa kuwa penye mita moja na vyumba sita kuna ugomvi kila jioni. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa katika ununuzi wa umeme. Anayenunua umeme ni mpangaji, ilhali kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Yaandikwe mapema nani anaibeba. Nayo risiti ya kodi idaiwe hapo hapo, hata kama mwenye nyumba ni mzee wa heshima na kuomba karatasi kunaonekana kama kumtilia shaka. Shikamoo itangulie, risiti ifuate.

Kwa mfanyabiashara mwenye mtoto chuoni, lipo la mtaji. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kujaza bidhaa za Krismasi na mwaka mpya. Mwenye mtaji wa Sh milioni 3 akitoa Sh 700,000 kwa chumba ametoa karibu robo ya mtaji wake katika miezi ambayo kila shilingi ingezunguka zaidi ya mara moja. Akitoa Sh 350,000 ametoa asilimia 12 hivi. Wengine, ili wasiguse duka, hukopa mikopo ya mtaani ile iitwayo kausha damu, na riba yake humeza nafuu yote iliyotafutwa kwa kuhangaika na madalali. Kama ni lazima kukopa ili mtoto alale peke yake, basi alale na mwenzake.

Hata hivyo tusimwambie mtu aishi na yeyote. Mwenza wa chumba ni mshirika wa biashara. Akiondoka katikati ya muhula na kodi imelipwa, nani anarudishiwa? Akileta mgeni wa mwezi mzima, nani analipa umeme? Wawili wanaotoka shule moja au mkoa mmoja huona aibu kuandikiana mambo haya, kisha wakaja kugombana kwa sababu ya gesi. Nusu ukurasa wa daftari wenye sahihi mbili unatosha.

UPANDE WA MWENYE NYUMBA

Mwekezaji mdogo anayesoma hapa pengine ameshaona nafasi yake. Akipangisha chumba cha Sh 100,000 mwaka mzima hupata Sh 1,200,000. Aachane na kuuza chumba, auze kitanda: vitanda viwili, Sh 75,000 kila kimoja kwa mwezi, kwa miezi minane ya mihula miwili tu. Jumla ni Sh 1,200,000 ile ile. Mwanafunzi analipa Sh 300,000 kwa muhula, sawa kabisa na nusu ya kodi ya miezi sita, ila anailipa mara mbili, Sh 150,000 kila mara, kwa tarehe zinazokaribiana na bumu.

Msomaji makini atauliza: kama fedha ni ile ile, faida iko wapi? Iko katika mambo mawili. Kwanza, mwenye vitanda hukubalika na wanafunzi ambao mwenye vyumba huwakataa kwa kukosa fedha ya mkupuo, na hao ni wengi. Pili, ile miezi minne chuo kinapofungwa sasa ni mali yake. Anaweza kupaka rangi, kuwapangisha wanaokuja kwa mafunzo kazini, au kuwauzia wanaobaki kwa bei ya mwezi mmoja mmoja. Anachobeba badala yake ni hatari ya kutolipwa awamu ya pili, na dawa yake ni saini ya mzazi katika mkataba pamoja na namba ya simu iliyojaribiwa mbele yake.

Wakubwa wameshaiona hesabu hii. Nchini Kenya kampuni ya Acorn, yenye hosteli za Qwetu na Qejani jijini Nairobi, iliuza hatifungani ya kijani ya Sh bilioni 4.3 za Kenya mwaka 2019 ili kujengea makazi ya wanafunzi, na Januari 2020 hatifungani hiyo ikaorodheshwa pia katika soko la hisa la London. Mwaka 2021 ikaanzisha mifuko ya uwekezaji katika makazi hayo hayo. Qwetu ni za bei ya juu, na Qejani ni za kuchangia chumba kwa bei ya chini. Hata wenye fedha za London wameona kwamba kinachouzwa kwa mwanafunzi ni kitanda, na kwamba kitanda cha kuchangia kina soko lake.

Lakini asikurupuke mtu kwenda kununua kiwanja. Katika biashara hii mshindani mkubwa ni Serikali. Aprili 2017 Rais John Magufuli alizindua mabweni mapya ya Mlimani: majengo 20, wanafunzi 3,840, kwa gharama ya Sh bilioni 10. Yaani vitanda 3,840 viliingia sokoni kwa tangazo moja, ndani ya uzio wa chuo. Ukigawanya, kila kitanda kiligharimu kama Sh milioni 2.6, juu ya ardhi ambayo chuo tayari kilikuwa nayo. Mjenzi wa binafsi anayepata Sh 600,000 kwa kitanda kwa mwaka, hata angejenga kwa gharama hiyo hiyo, angehitaji zaidi ya miaka minne kurudisha fedha ya ujenzi peke yake. Hapo hajalipia kiwanja, matengenezo, mlinzi, wala kodi ya mapato ya pango. Mradi wa HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, nao unahusu miundombinu ya vyuo vikuu, yakiwemo mabweni. Anayejenga jirani na chuo asome matangazo ya zabuni ya chuo hicho kwanza.

Salama kidogo ni kujenga palipo na vyuo zaidi ya kimoja. Ukanda wa Mlimani una nguvu kwa sababu hiyo: Chuo Kikuu Ardhi kimepakana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo cha Maji kiko Ubungo, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko Mabibo. Chuo kimoja kikipata bweni jipya, mwenye nyumba hawi mkiwa. Katikati ya jiji, walipo IFM na CBE, hesabu zetu hazifai sana, kwa kuwa chumba cha kutembea kwa miguu ni adimu na kila mwanafunzi hulipa nauli atake asitake. Huko ushindani ni wa njia za usafiri. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze Mei 2016, chumba kilicho karibu na kituo cha Kimara kinaweza kuwa jirani na mjini kuliko kilicho kilomita chache tu nje ya njia hiyo.

Limebaki la wakati. Wengi hutafuta vyumba baada ya kupokea majina ya waliochaguliwa, ndipo dalali anapata nguvu ya kusema bei yoyote. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho huondoka baada ya mitihani, mwezi Julai, na wengi wana mkataba wenye miezi iliyobaki wanayotaka kuirudisha kwa hasara. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye bado yupo chuoni wakati huo, akiwa ameshampata mwenzake, anaweza kuzungumza na mpangaji anayeondoka na mwenye nyumba kwa pamoja, akaingia bila kumlipa dalali. Katika mfano wetu, kwa chumba cha karibu, hiyo ni Sh 50,000 kwa kila mmoja, na chumba amekiona usiku, mvua ikinyesha, kabla hajakilipia.